Kichwa Kwanza, Ganda Baadaye

Mpwa wangu, mama yako ameniambia kwamba tangu upate leseni ya kuwinda elki, yule paa mkubwa wa huku Marekani, huna mazungumzo mengine. Ukirudi kazini ni ganda gani, ukiamka ni bunduki gani, ile inakwenda kasi, hii inafika mbali, fulani kasema hivi, fulani kasema vile. Dada yangu hajashika bunduki maishani mwake, na sasa anayajua majina ya risasi kuliko majina ya majirani zake. Mimi nguvu za kubishana zimeniishia. Ujana wangu niliumaliza Selous nikiwabebea wawindaji mizigo na kuwafuatia damu za wanyama waliowajeruhi, na uzeeni mmenileta huku Colorado nikakuta ubishi ni ule ule. Kwa hiyo nitasema mara moja, polepole. Wewe sikiliza mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shambani maneno hayo hayana doa. Kwenye uwindaji nayakubali nusu tu, maana unakwenda kutoa roho ya kiumbe, na chombo kibaya humtesa bure. Lazima uchague. Lakini uchague mara moja, kwa mpangilio, halafu unyamaze ukafanye mazoezi. Taabu yenu vijana ni kwamba mnaanzia mwisho. Mnakesha mkilinganisha maganda, mnanunua bunduki ya bei mbaya, kisha siku ya safari mnapita dukani mnachukua boksi lolote la risasi lenye picha ya dume la elki. Mmehangaika na kila kitu isipokuwa kile kitakachomgusa mnyama.

Tuelewane kwanza tunaposema risasi. Risasi nzima ni ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa mbele. Kinachotoka mtutuni na kuingia mwilini mwa mnyama ni kichwa peke yake. Ganda linabaki kwako, unalitoa ukikoki tena, linaanguka miguuni pako. Elki hatalijua jina lake kamwe. Ndiyo maana nakuambia uanze na mnyama, kisha kichwa, kisha ganda litakalokisukuma, na bunduki iwe ya mwisho.

Basi mjue mnyama. Dume la elki wa Milima ya Rocky lina kilo kama 320, na jike kama 225. Wale wa pwani ya Pasifiki, waliopewa jina la Roosevelt, yule yule rais mstaafu aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda kwetu, ni wakubwa zaidi. Kwa hesabu ya nyumbani, elki wa Rocky ana uzito wa kukaribiana na pundamilia, ila amemzidi kimo. Pofu dume anamwacha mbali sana. Kwa hiyo usitishwe na wanaokuambia bila mzinga wa kuulia nyati huwezi kumpata. Lakini usimdharau pia. Bega lake lina mfupa mnene uliofunikwa na msuli mzito, na juu yake kuna ngozi na manyoya ya baridi. Tena ana roho ngumu. Waliotembea na nyumbu aliyejeruhiwa wanajua ninachosema: anapigwa, hatikisiki, anaondoka kama hakuna kilichotokea, na wewe unatembea mpaka jua linazama. Elki anaweza kupigwa mapafu yote mawili akasimama akikutazama, akapiga hatua kadhaa, ndipo aanguke. Akipigwa tumbo atavuka mabonde mawili na usiku utakukuta huko.

Ujue na mahali pake. Hakuna jimbo la Marekani lenye elki wengi kuliko hili la Colorado, na wengi wao huwapati barabarani. Wako juu, kwenye misitu ya aspeni na misonobari, meta 2,500 mpaka 3,500 kutoka usawa wa bahari. Waliopanda Kilimanjaro watakumbuka kibanda cha Mandara, kilichoko kwenye meta 2,700 hivi. Basi huku wewe utakuwa unapanda mlima, umebeba mzigo na bunduki, na theluji mguuni. Utakapomwona elki utakuwa unahema, moyo unapiga mpaka masikioni, vidole vimekufa ganzi. Mkono utakaokuwa nao dakika ile si ule wa kwenye meza ya uwanja wa shabaha. Chagua kila kitu kwa ajili ya mkono ule dhaifu wa mlimani.

Sheria nayo ina neno lake. Hapa Colorado bunduki ya elki lazima iwe na kipenyo kisichopungua inchi .24, yaani milimita 6, na mtutu wa inchi 16 au zaidi. Kichwa kiwe cha kutanuka, kisipungue greni 85, na risasi iwe bado na nguvu ya futi-pauni 1,000 ikifika yadi 100. Greni ni kipimo kidogo: greni 180 ni kama gramu 12. Masharti hayo yamewekwa yawe ya chini kabisa, yakuepushe na faini. Risasi ya .243 yenye kichwa cha greni 100 inapita, na wako watu wanaolisha familia zao kwayo mwaka hadi mwaka. Watu hao lakini wana sifa moja ambayo wewe bado hujaipata: dume likigeuka vibaya wanashusha bunduki, wanangoja, na lisipogeuka tena wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mpaka ujijue kuwa nawe ni wa hivyo, jipe nafasi pana kidogo.

Sasa tuje kwenye kichwa, na hapa ndipo nataka ukae kitako.

Kichwa cha risasi kinadaiwa kazi mbili zinazogombana. Kinatakiwa kitanuke, ili kichane mapafu na mishipa kwa upana na mnyama afe haraka. Tena kinatakiwa kipenye, kivuke ngozi, msuli na pengine mfupa, kifike ndani kabisa na ikiwezekana kitokee upande wa pili kiache damu ya kufuata. Kikitanuka upesi mno kinapasukia begani na kuishia hapo, na mnyama anaondoka na kidonda kipana kisichofika popote. Kisipotanuka kabisa kinapita na kutoka, kimeacha tundu jembamba, na anakufa kesho mahali usipopajua.

Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, John Nosler, alikuwa akiwinda paa mkubwa wa kaskazini aitwaye musi, huko British Columbia nchini Kanada. Musi yule alikuwa amejigaragaza, ngozi imeganda tope. Nosler alimpiga kwa .300 H&H Magnum, ganda lenye nguvu kwelikweli, na vichwa vikawa vinapasukia juu juu bila kuingia ndani. Ganda halikuwa na kosa hata kidogo. Kasi yake ndiyo iliyozidi uwezo wa kichwa. Nosler alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye vyumba viwili, na ukuta wa shaba katikati. Chumba cha mbele kinatanuka na kupukutika, cha nyuma kinabaki kizima nyuma ya ukuta na kuendelea kusukuma. Akakiita Partition, akaanza kukiuza mwaka 1948, na mpaka leo kinauzwa. Nataka uikumbuke habari hii kila utakapoambiwa kuwa dawa ya elki ni kuongeza kasi. Nosler alikuwa na kasi tele.

Dukani utakuta vichwa vya namna nne au tano. Cha kawaida ni koti la shaba lililojazwa madini ya risasi bila kuunganishwa. Ni cha bei nafuu, na kwa swala na paa wadogo hakina ubaya. Kwa elki pia kinaweza kufanya kazi kikiwa kizito na kasi yake ya wastani, lakini usikiweke kwenye ganda la kasi kubwa ukategemea kitavuka bega la dume lililosimama karibu. Cha pili ni Partition na ndugu zake wenye ukuta. Cha tatu ni kile ambacho madini yameunganishwa na koti kwa moto, hayaachani hata kikigonga mfupa. Cha nne ni shaba tupu, hakina madini ya risasi hata chembe. Barnes walikitoa cha kwao mwaka 1989 na wengine wakafuata. Hiki hupenya sana na hubaki karibu na uzito wake wote, ila kinahitaji kasi ili kitanuke. Kikifika kimechoka, kwa mbali mno, hakifunguki. Kwa hiyo ukichagua shaba tupu chukua chepesi kidogo, upate kasi, wala usikitume mbali. Namna ya tano ni vichwa vya mashindano ya shabaha. Vinatoboa karatasi vizuri ajabu, na koti lake ni jembamba. Viache huko huko kwenye karatasi.

Una watoto wadogo, kwa hiyo nikuongezee hili. Kichwa chenye madini ya risasi kikipasuka huacha vipande vidogo mno ndani ya nyama, mbali na tundu lenyewe, na jicho halivioni. Jimbo la California limepiga marufuku kuwinda kwa risasi zenye madini hayo tangu tarehe 1 Julai 2019, kwa sababu wale tai wakubwa waitwao kondori walikuwa wakila matumbo yaliyoachwa porini na kufa kwa sumu. Colorado haijakulazimisha. Lakini mezani kwako anakula mtoto, na ukitumia shaba tupu hilo umelimaliza. Ukitumia chenye madini, basi nyama yote iliyovilia damu kuzunguka tundu ikate uitupe, usione uchungu.

Ukitaka kujua kichwa chako kimefanya nini, usimuulize muuza duka. Mchune elki wako kwa makini, na upande ule wa pili, kati ya mbavu na ngozi, mara nyingine utakuta uvimbe mgumu chini ya kidole. Chana hapo kidogo, kitoe, kioshe. Utakiona kimefunguka mbele kama uyoga, upana wake umekaribia mara mbili, majani ya shaba yamejikunja kurudi nyuma, na kwenye kitako chake bado ipo mistari ya mshazari iliyochorwa na mtutu. Kiweke kwenye mizani. Partition iliyoingia na greni 180 ikatoka na 120 hivi imefanya kile ilichotengenezewa, maana chumba cha mbele ndicho kilichopotea. Shaba tupu itakuonyesha karibu uzito ule ule. Ukikuta kipande cha koti peke yake, kimekunjamana, hakina kitu ndani, ujue safari hii umeponea kwa bahati. Badilisha boksi kabla ya msimu ujao.

Ndiyo sasa tuzungumze maganda, na hapa hatutakaa sana.

Orodha yenyewe ni ya zamani kuliko mnavyodhani. .30-06 ilitoka kwenye jeshi la Marekani mwaka 1906. .270 Winchester ni ya 1925, .308 ni ya 1952, .338 Winchester Magnum ya 1958, 7mm Remington Magnum ya 1962, .300 Winchester Magnum ya 1963. Hii 6.5 Creedmoor mnayoiimba ilikuja 2007. Kila moja kati ya hizi imeangusha elki, na kila moja imejeruhi elki waliopotea. Kwa uzito wa kichwa, .270 ipe greni 130 hadi 150, 7mm greni 150 hadi 175, .308 na .30-06 greni 165 hadi 180, .300 Magnum greni 180 hadi 200, .338 greni 210 na kupanda. Creedmoor ipe 140 au zaidi kidogo, kichwa kiwe kigumu, elki awe ubavu, wala usimtafute kwa mbali. Inatosha, ila begani haikupi nafasi kubwa ya kuteleza.

Ubishi wa maganda ulikuwapo hata kabla hujazaliwa. Huko Idaho waliishi wazee wawili waandishi wa magazeti ya uwindaji. Jack O'Connor wa Lewiston aliihubiri .270 na mwendo wake wa kasi. Elmer Keith wa Salmon alitaka vichwa vinene na vizito, akiona vile vya mwenzake ni vya kuchezea. Walivutana kwa miaka mingi kurasani, mpaka O'Connor alipofariki mwaka 1978 na Keith mwaka 1984, na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Wote wawili waliangusha elki. Kila mmoja alijua kichwa chake kinaweza nini na hakiwezi nini, na alijua pa kukipeleka.

Kuna kijana atakutajia Bell wa Karamoja ili akuhalalishie bunduki ndogo. Habari yenyewe ni ya kweli. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kaskazini mashariki mwa Uganda, Mskochi W. D. M. Bell aliua tembo wengi sana kwa 7x57, ganda ambalo leo watu wanawindia paa. Zaidi ya tembo elfu moja waliangushwa na mtu yule mmoja kwa ajili ya biashara ya pembe, na mimi sioni cha kumsifia hapo. Lakini wanaomtaja hawaimalizi habari. Kichwa alichotumia kilikuwa kigumu, hakitanuki, kimetengenezwa kuvuka fuvu. Na alijifunza fuvu la tembo kwa kulipasua, mpaka akajua ubongo umekaa wapi ukimtazama kutoka upande wowote. Aliyenisimulia kuhusu bunduki ndogo ya Bell akaacha habari ya fuvu amenipa ganda bila kichwa.

Nikupe hesabu moja tu, kisha tuache maganda. Kichwa cha greni 180 kikitoka kwenye .30-06 kinakwenda futi 2,700 kwa sekunde, kama meta 820. Kile kile kikitoka kwenye .300 Winchester Magnum kinakwenda futi 2,950 hivi, kama meta 900. Zote mbili ukizilenga yadi 200, ukifika yadi 300 ile ya .30-06 itakuwa imeshuka kama inchi tisa, na ile Magnum kama saba. Inchi mbili, mpwa wangu. Sentimita tano kwenye kifua chenye kina cha nusu meta na zaidi. Kwa inchi hizo mbili unalipa teke lililozidi kwa theluthi moja hivi, risasi za bei kubwa zaidi, na kwa hiyo mazoezi machache zaidi. Kwa mtu anayepiga mbali na amezoea, biashara hiyo ina maana. Kwako sasa haina.

Teke ndilo jambo mnaloliona aibu kulisema. Hakuna kijana anayekubali kuwa bunduki inamuumiza. Anasema haisikii, huku jicho linafumba kabla ya mlio. Kuna njia ya kujua ukweli. Mpe rafiki yako bunduki akiwa nyuma yako, akujazie chemba bila wewe kuona, mara risasi ya kweli, mara risasi bubu ya mazoezi isiyo na baruti. Lenga, vuta kifyatulio polepole. Itakapokuja ile bubu hutasikia chochote ila "ta!" ndogo ya chuma, na mtutu wako utaeleza yaliyomo moyoni. Ukitulia palepale ulipolenga, ganda hilo ni lako. Ukizama chini na bega likaruka mbele kulipokea teke ambalo halikuja, basi ganda hilo limekuzidi, hata ungekuwa na kifua cha mbeba mizigo bandarini. Shuka daraja moja. Hakuna elki aliyewahi kuokolewa na upole wa .308 iliyompiga mahali pake.

Kwa hiyo ukinibana nitaje, nitataja .30-06. Risasi zake zipo hata kwenye duka la vifaa la kijiji kidogo cha mlimani, kwa siku ile mzigo wako utakapopotea njiani. Teke lake mtu mzima anaweza kulizoea. Kichwa cha greni 180 chenye ukuta au kilichounganishwa, au cha shaba tupu cha greni 165, kitavuka kifua cha elki yeyote wa milima hii. Yule mwenzako wa kazini anayetaka kukuuzia .30-06 ya zamani, iliyokwaruzwa kitako, itazame mtutu, na ukiwa safi ichukue. Fedha itakayobaki inunue darubini nzuri na risasi za mazoezi.

Na mazoezi usiyafanyie mezani. Mezani ni pa kurekebisha shabaha tu, uhakikishe bunduki na kichwa ulichochagua vinaelewana. Ukishamaliza hapo, chukua sahani za karatasi, zile za sherehe, zenye upana wa inchi tisa. Sahani moja ni ndogo kuliko moyo na mapafu ya elki, na hiyo ndiyo sababu ya kuitumia. Itundike yadi 100. Piga ukiwa umekaa chini, umepiga goti, umeegemea mti, umelaza bunduki juu ya mkoba. Kimbia kwanza mpaka uheme, kisha upige. Risasi tano zote zikiingia kwenye sahani, sogeza sahani mbali zaidi. Mahali ambapo moja itatoka nje, rudi nyuma, na hapo ndipo mwisho wako mwaka huu. Ikiwa ni yadi 150, basi ni 150, na elki wa yadi 200 ni wa kutazama. Kijitabu cha kiwanda kitakuambia risasi inafika yadi 500 ikiwa na nguvu. Haina ubishi, inafika. Lakini kiwanda hakijaona mkono wako.

Siku yenyewe, pembe anayosimamia mnyama ndiyo itakayokuamulia. Akisimama ubavu, panda na mkono wake wa mbele kwa jicho mpaka theluthi ya chini ya kifua, nyuma kidogo ya mkono, upige hapo. Akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, fikiria bega la upande wa pili na upeleke risasi huko kupitia mbavuni. Akikuelekea kwa mshazari kuna mfupa wa bega njiani, na hapo ndipo utakapojua kama ulinunua kichwa au ulinunua picha ya boksi. Kwa mwaka wako wa kwanza, pembe hiyo iache. Akikuonyesha makalio usipige kabisa, hata kama umebeba .338 na unaona pembe ambazo hujawahi kuziona. Hakuna kichwa kilichotengenezwa kurekebisha risasi ya makalio.

Ukishapiga, koki tena papo hapo na jicho lisitoke kwenye darubini. Bado amesimama? Piga tena. Usianze kujisifu wala kumpigia mtu simu. Akiondoka, weka alama ulipokuwa wewe na alipokuwa yeye, kisha kaa nusu saa. Najua itakuwa nusu saa ndefu. Damu ya rangi ya waridi yenye povu ni ya mapafu, huyo hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ya ini, mwongeze saa. Ukiona majimaji ya kijani na harufu ya tumbo, rudi nyuma kimyakimya na umwache saa nyingi alale mwenyewe, maana ukimfukuza hutampata. Ukiwa mtu wa kula halali, taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, ukimkuta na uhai umchinje, na uwe na yakini kuwa kilichomuua ni risasi yako, si kuporomoka gengeni wala kuzama mtoni. Yakini hiyo hupatikana kwa kupiga vizuri, haipatikani kwa kuhisi. Kisha mchune upesi. Ngozi ya elki inatunza joto, na paja lililoachwa na ngozi yake huanza kuoza kwenye mfupa hata kama nje kuna baridi.

Mengine madogo unayajua. Umezaliwa baada ya 1949, kwa hiyo kadi ya mafunzo ya uwindaji lazima uwe nayo. Fulana na kofia za rangi ya chungwa kali au waridi kali zisikutoke mwilini. Mwenzako ajue uko bonde gani.

Sasa nenda kanunue boksi nne za risasi, zote za kichwa kimoja. Tatu zimalize kwenye sahani kabla ya Oktoba, na ya nne ndiyo ya mlimani. Usibadilishe kichwa mwezi wa mwisho kwa sababu mtu amekusifia kingine. Na ikitokea kila unayemwona yuko mbali mno, au amesimama vibaya, au mwanga umekwisha, shuka na leseni yako ikiwa haijatumika. Utakuwa umepoteza ada ya msimu mmoja na siku chache za likizo. Nyama ya ng'ombe ipo buchani, na mlimani utarudi mwakani.